Bure Iliyo Njiani: Dar hadi Ziwa Nyasa kwa Laki Nne

Swali: Shikamoo mjomba. Tuko wanne: mimi, dada yangu na binamu zetu wawili wa kiume. Tunaishi Tabata, tuna saluni ya cc 1500, na mwezi wa tisa tunataka kwenda kwa barabara hadi Matema, Ziwa Nyasa, siku saba kwenda na kurudi. Kila mmoja ametenga laki nne. Dada yangu ni mchoraji, mimi napiga picha. Tumekusanya orodha ya sehemu thelathini na kitu za mandhari na sanaa ambazo watu wanasema ni za bure, lakini tumeshindwa kuzipanga. Tuanzie wapi? Na tupitie Bagamoyo kwanza au tuiache?

Jibu: Marahaba, mpwa wangu.

Orodha yenu nimeisoma yote, na ombi langu la kwanza ni mfute zaidi ya nusu yake. Sehemu zenyewe ni nzuri. Tatizo ni kwamba mmezichagua kwa kuangalia kiingilio, na kwenye safari ya gari kiingilio ndicho kinachokula kidogo kuliko vyote. Kinachokula ni umbali.

Fanyeni hesabu. Gari lenu likiwa na watu wanne, mabegi na milima ya kupanda, lihesabieni kilomita 12 kwa lita, msijidanganye kwa zaidi. Nikichukua petroli kwa shilingi 3,000 lita, kilomita moja inawagharimu shilingi 250. Bei halisi ya mwezi wenu mtaipata EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kadiri mnavyoondoka Dar bei inapanda, kwa hiyo tangi lijazeni hukuhuku kabla ya kutoka.

Sasa chukueni hiyo 250 mpitie nayo orodha. Mmeandika maporomoko ya Sanje, Udzungwa, mkaweka alama ya bure. Udzungwa ni hifadhi ya taifa, bure haipo. Lakini hata kama mtu angewafungulia geti, Mang'ula iko karibu kilomita 60 kutoka Mikumi mjini, nje kabisa ya njia yenu. Kwenda na kurudi ni 120, yaani shilingi 30,000 za mafuta na nusu siku ya safari. Halafu mmefuta korongo la Isimila kwa sababu ina kiingilio, wakati iko karibu kabisa na barabara kuu, kilomita 20 hivi mkishatoka Iringa kuelekea Mbeya, na Mtanzania katika vituo vya mambo ya kale hulipa elfu chache tu. Mmefuta cha rahisi mkabakiza cha ghali. Kanuni ninayowapa ni hii: kituo kisichotozwa kitu lakini kiko zaidi ya kilomita 15 nje ya njia, kihesabuni kuwa kina kiingilio, kisha mjiulize kama mngekilipia.

Jambo la pili litawauma. Siku saba hazitoshi kufika Matema na kurudi. Kutoka Dar hadi Matema ni karibu kilomita 950, na barabara yote imejaa vijiji vyenye vibao vya 50. Hapo dereva hachezi, kwa sababu trafiki wenye tochi za kupima mwendo wako kila baada ya vijiji kadhaa na faini ya kosa moja ni shilingi 30,000, kiasi kilekile cha mafuta ya Sanje. Mkilazimisha siku saba, siku ya mwisho mtaendesha kutoka Mbeya hadi Dar, kilomita zaidi ya 800, na kipande kikubwa kitakuwa cha usiku katikati ya malori. Hilo silishauri kwa mtu yeyote, sembuse ndugu. Ama ongezeni siku mbili, ama geukieni Iringa, ambako kwa siku saba mtastarehe. Nitaendelea nikidhani mmepata siku tisa, maana ziwa ndilo mlilolipania.

Fedha zenu, jumla 1,600,000, zinatosha lakini hazina nafasi ya mbwembwe. Kwenda na kurudi pamoja na mizunguko midogo wekeni kilomita 2,100. Hizo ni lita 175, sawa na 525,000. Usiku nane, vyumba viwili vya 25,000, ni 400,000. Chakula, watu wanne kwa siku tisa, wekeni 12,000 kwa mtu kwa siku: 432,000. Hapo mmefika 1,357,000. Katika 243,000 zinazobaki, 150,000 ni ya pancha na dharura, mkae mkijua si ya kutumiwa. Ile 93,000 ndiyo ya viingilio na ya kununulia kitu kwa mafundi mtakaowatembelea. Binamu zako wakifika gesti waulize chumba cha vitanda viwili kabla ya kushusha begi, kwa sababu gesti nyingi hazikubali wanaume wawili kitanda kimoja, na kuanza kutafuta nyingine saa tatu usiku ndiko kunakowafanya watu waishie kwenye chumba cha elfu sitini.

Sasa tuchague siku ya kuondoka. Wengi huchagua siku ya kutoka kwa kuangalia likizo, kisha wakafika kila mahali siku isiyofaa. Nyinyi anzieni mwisho mrudi nyuma. Kule Matema, soko la vyungu la Lyulilo ni la Jumamosi. Karakana za Neema Crafts za Iringa hufungwa Jumapili. Basi tokeni Dar Jumatatu: usiku wa kwanza Mikumi mjini, wa pili Iringa, wa tatu Makambako, wa nne Tukuyu, Ijumaa na Jumamosi Matema. Jumapili mnarudi hadi Makambako, Jumatatu hadi Morogoro, ambayo ndiyo siku ndefu kuliko zote, na Jumanne mko Tabata kabla ya chakula cha mchana.

Wikiendi kabla ya kuondoka, mkiwa hamna mizigo, nendeni Oysterbay kwenye ushirika wa wachoraji wa Tingatinga. Kuingia na kutazama hakuna malipo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao wa dari, akafa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Miaka minne tu, na mpaka leo watu wanaishi kwa staili yake. Nawapeleka huko kwa sababu ya dada yako. Akae nusu saa amwangalie fundi anavyotandaza rangi ya chini kwanza, kisha mnyama, kisha madoa, bila penseli. Siku mbili baadaye atawaona twiga na nyati wenyewe kupitia dirisha la gari, na nina hakika daftari lake litajaa vitu tofauti na ambavyo angechora bila kupita pale.

Jumatatu ondokeni saa kumi na moja alfajiri, mvuke Kibaha na Mlandizi kabla foleni haijachangamka. Chalinze kunyweni chai, msikae. Morogoro mna Uluguru mbele ya macho bila kulipa chochote. Milima hiyo huonekana vizuri asubuhi, kabla mawingu hayajakaa juu. Kupanda kilele cha Bondwa au kutafuta maporomoko waachieni wenye siku zao. Kuleni mchana hapo, pumzikeni, mtoke kwa hesabu ya kuingia Mikumi saa kumi jioni.

Hiyo saa kumi nimeichagua makusudi. Barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50, na anayepita tu halipi. Saa saba mchana mtaona nyasi na nyani. Asubuhi na jioni ndipo wanyama wanaposogea: swala, pundamilia, twiga, nyati, na tembo wakiwajalia. Lakini mpite kwa adabu. Kuna matuta na vibao vya mwendo, na kuna bango linaloorodhesha faini ya kila mnyama utakayemgonga. Lisomeni, linafundisha kuliko hotuba. Hakuna kushuka, hakuna kumtupia nyani ndizi, hakuna kuegesha katikati ya barabara kumsubiri tembo ageuke. Dereva hashiki kamera, hata kama dereva ndiye wewe. Jua la jioni litakuwa mbele yenu kwa kuwa mnaelekea magharibi, kwa hiyo kioo cha mbele kisafisheni Morogoro, la sivyo kila picha itakuwa na vumbi la Chalinze.

Asubuhi ya Jumanne ndiyo ninayoipenda kuliko zote katika njia hii. Kutoka Mikumi kuelekea Ruaha Mbuyuni mnaingia Bonde la Mibuyu. Ni mibuyu kwa maelfu, pande zote mbili, imepanda hadi mabegani mwa milima, na Mto Ruaha Mkuu unaambatana na barabara. Mwezi wa tisa mibuyu haina majani. Watu huniambia nenda wakati wa mvua kukiwa na kijani, nami siku zote hubisha. Mbuyu wenye majani ni mti kama miti mingine. Mbuyu mtupu unaonyesha matawi yote, makovu ya gome, na shina linalobadilika rangi kutoka kijivu hadi waridi jua linapopanda. Mkitoka Mikumi saa kumi na mbili na nusu, mwanga utakuwa mgongoni mwenu na pembeni mwa miti. Tafuteni mahali penye nafasi kubwa ya kuegesha nje ya lami, wekeni pembetatu, kisha mpeni dada yako saa nzima. Nasema saa nzima. Wengi husimama dakika tano, wakapiga picha ya mtu ameegemea shina, wakaondoka. Ndiyo maana picha za bonde lile zote zinafanana. Wewe mpiga picha nakushauri uache kutafuta mbuyu mmoja mkubwa. Tafuta mstari: jinsi mibuyu inavyopangana juu ya mlima hadi inakuwa nukta.

Msipige picha daraja wala askari. Na kama mtoto au mama muuza vitunguu yuko ndani ya fremu, muombe kwanza. Vitunguu vyenyewe, na nyanya za Ilula mbele kidogo, msivinunue mkienda, vitawaozea garini. Mtavikuta mkirudi.

Baada ya hapo ni Kitonga. Mandhari yake mmeyaona kwenye simu mara nyingi: barabara inajikunja ukingoni mwa mlima, bonde liko chini, malori yanapanda kwa mwendo wa kutambaa. Ukweli ni kwamba Kitonga ni pa kutazamwa na abiria. Kusimama kwenye kona ili kupiga picha ni kuhatarisha watu wengine, na nyani wa pale wamezoea magari kupita kiasi. Zimeni kiyoyozi, gia ndogo, msilazimishe kulipita lori, angalieni mshale wa joto la injini. Mkifika juu salama, hiyo ndiyo picha.

Kabla ya Iringa mtafika Lugalo, na hapa nawaomba msimame kweli. Tarehe 17 Agosti 1891 wapiganaji wa Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, waliuvizia msafara wa kijeshi wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski, yule aliyepewa jina la Nyundo, wakauteketeza kwa muda mfupi, na Zelewski mwenyewe akafia hapo. Kando ya barabara kuna mnara. Ajabu yake ni kwamba mnara huo ni wa walioshindwa: uliwekwa na Wajerumani kuwakumbuka watu wao. Mnasoma majina ya wavamizi katika ardhi ya walioshinda. Nyinyi wa Dar mmeishi na jina Lugalo miaka yote, hospitali na kambi, bila shaka hamjawahi kujiuliza limetoka wapi. Dakika ishirini zinatosha, na hazina kiingilio.

Iringa mjini hauko juu ya barabara kuu. Mnapanda kutoka Ipogoro. Fikeni mapema mchana, wekeni mizigo, na saa kumi na moja jioni mtembee kwa miguu hadi jabali la Gangilonga. Kwa Kihehe maana yake ni jiwe linalosema, na wenyeji husimulia kwamba Mkwawa alikuwa akienda pale kutafakari. Kupanda si kazi kubwa. Juu yake mji wote uko chini yenu na jua linazama upande wa pili. Gari, pochi na simu vigawanyieni waangalizi. Ni mahali penye vijana wengi jioni, msikae mpaka giza.

Kitu kimoja kuhusu sehemu za namna hii, popote mtakapokuwa. Mtu akitokea akadai kiingilio, msigombane wala msilipe kimyakimya. Ulizeni kwa upole: malipo ni ya nani, na risiti iko wapi? Malipo ya serikali yana namba ya malipo na risiti ya mashine. Kijiji nacho kinaweza kuwa na mchango wake halali, mwenyekiti atawaeleza. Kijana anayejitolea kuwaongoza na akaongoza kweli, mlipeni, ila mkubaliane bei kabla hamjapiga hatua.

Jumatano asubuhi ni ya sanaa. Neema Crafts ilianzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, na mafundi wake ni watu wenye ulemavu, wengi wao viziwi. Wanafuma nguo, wanatengeneza shanga, na wanatengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Mjini waulizeni bodaboda, watawafikisha. Kutembezwa karakana hakutozwi, ingawa kuna duka, na kuna mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Hapo ndipo 93,000 yenu inapoanza kazi. Dada yako anunue karatasi za tembo na kuzitumia safarini, badala ya kubeba daftari kubwa kutoka Dar. Mtu anayekuachia uangalie kazi yake saa nzima amekupa muda wake, na muda huo si wa bure kwake. Kununua kitu cha elfu tano ni heshima inayotosha. Katika kupiga picha, uso wa fundi uombewe ruhusa. Mikono yake pia iombewe, hata kama umeona wengine wanapiga tu.

Mkitoka hapo zungukeni soko kuu na majengo ya zamani ya Wajerumani yaliyolizunguka, kisha mle mchana. Makumbusho ya Boma yana kiingilio, yako katikati ya mji, hayawagharimu mafuta. Kwa kanuni yetu yanaingia. Kalenga, ambako fuvu la Mkwawa linatunzwa tangu liliporudishwa mwaka 1954, iko kilomita kama 15. Kwenda na kurudi ni 7,500 za mafuta, kisha kiingilio. Mimi ningeenda. Fuvu lile liliandikwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919 kwamba lirudishwe, likachelewa miaka 35. Lakini mkienda Kalenga, Isimila iwe ya njia ya kurudi, kwa kuwa Jumatano mchana hamtaweza vyote. Isimila nayo ni korongo lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji ya mvua, na zana za mawe za binadamu wa kale zimelala pale palipochimbwa. Kwa picha inataka saa nne asubuhi au saa kumi jioni. Mchana nguzo hazina kivuli na zinaonekana kama ukuta.

Kutoka Iringa hadi Makambako hakuna cha kuwasimamisha. Misitu ya Sao Hill baada ya Mafinga ni misonobari na milingoti iliyopandwa kwa mistari. Mkiitazama dakika tano mmeitazama yote. Makambako ni njia panda ya malori: gesti rahisi, chakula kingi, baridi kali. Beba sweta mbili, si moja. Kula msile kwenye mikahawa mikubwa ya mabasi, ambako sahani ya wali imepandishwa bei kwa sababu abiria hana dakika za kuchagua. Vukeni barabara, mtawakuta mama lishe wanaowapikia madereva wa malori.

Alhamisi mtapita Chimala, na kuna mtu atawaambia mpande barabara ya Matamba yenye kona hamsini na saba, hadi kule Kitulo kwenye maua. Mandhari yake ni ya kweli na kona hamsini na saba ni za kweli. Kwa saluni iliyojaa watu wanne, hapana. Na maua ya Kitulo ni ya miezi ya mvua, kuanzia Desemba. Mwezi wa tisa mngekuta nyasi.

Uyole mnakata kushoto kwenda Tukuyu, na hapo nchi inabadilika mara moja. Barabara inapanda Milima ya Uporoto, viazi vimepangwa kwenye ndoo kando ya njia, kisha Mlima Rungwe wenye mita 2,960 unatokea. Mwezi wa tisa sehemu nyingi za nchi zina moshi wa moto wa nyasi, kwa hiyo mandhari ya mbali yawekeni asubuhi. Kwa karibu, Tukuyu haina shida ya moshi: mvua yake haina msimu wa kueleweka, na mashamba ya chai yako kijani hata nchi nyingine ikiwa imekauka. Chai ya kando ya barabara kutazama ni bure. Msiingie katikati ya mistari bila ruhusa ya msimamizi, hayo ni mashamba ya watu na wachumaji wako kazini. Ziwa Ngosi mlilifuta kwa sababu ya kiingilio. Mimi nalifuta kwa sababu ya muda, kupanda na kushuka kunakula saa nyingi. Daraja la Mungu, lile jiwe lililopita juu ya Mto Kiwira kama daraja, lina malipo madogo na haliko mbali sana na barabara. Njia inapita eneo la Magereza, kwa hiyo jitambulisheni getini na kamera ibaki kwenye begi hadi mfike mtoni.

Ijumaa mnateremka. Asubuhi mko kwenye migomba na ukungu, baada ya saa mbili mko kwenye joto la Kyela, mpunga na kakao iliyoanikwa uani. Sweta zirudi kwenye buti. Matema ni mchanga, ziwa, na Milima ya Livingstone imesimama wima juu ya maji upande wa mashariki. Hakuna tiketi ya kuangalia ufuko. Gesti za kanisa na za watu binafsi zipo, pigieni simu mapema kwa sababu wikiendi hujaa. Kuoga ogeni pale wanapooga wenyeji, na mkae mbali na midomo ya mito. Mamba wapo, na wenyeji wanajua wako wapi.

Jumamosi amkeni mapema mtembee kwa miguu kufuata ufuko hadi Lyulilo. Akina mama wa Kikisi huleta vyungu kutoka Ikombe kwa mitumbwi. Vyungu hivyo hufinyangwa kwa mkono, bila gurudumu, na hupikiwa katika nyumba za Wanyakyusa upande wote ule. Kwa macho ya mchoraji hakuna mahali kama hapo katika njia nzima: vyungu mamia vimelala mchangani, mitumbwi nyuma yake, mlima juu. Ila ni soko, watu wamekuja kuuza, jua likipanda wanarudi. Dada yako anunue chungu kwanza, akae karibu na aliyemuuzia, ndipo atoe daftari. Akianza na daftari atazungukwa na watoto hamsini na mama hatauza. Wewe piga picha za vyungu na mitumbwi kwa mbali mpaka mzoeane. Chungu kikubwa kiwekeni katikati ya nguo chafu kwenye buti, mdomo chini, kisikae juu ya tairi la spea. Kidogo mkipakate.

Kurudi msitafute vituo vipya. Isimila kama mliiruka, vitunguu na nyanya kwenye njia ya Ilula, basi. Kitonga kushuka ni gia, si breki.

Kabla ya safari mpeni fundi gari aangalie breki, maji ya rejeta na mikanda. Hakikisheni mna pembetatu mbili na mtungi wa kuzimia moto usiopitwa na tarehe, kwa kuwa trafiki huviulizia. Ramani pakueni mkiwa na intaneti ya nyumbani. Kuna vipande vya mtandao hafifu kati ya Mikumi na Ilula.

Bagamoyo iacheni. Kupitia Bagamoyo na Msata hadi Chalinze kunawaongezea karibu kilomita 60, na siku yenyewe ya kwanza ina ratiba ya wanyama wa jioni ambayo haiwasubiri. Mji ule unataka siku yake: boma, Mji Mkongwe, na TaSUBa, chuo cha sanaa na utamaduni, ambako ukienda siku za masomo unaweza kusikia ngoma zikifanyiwa mazoezi. Kutoka Tabata ni safari ya Jumamosi moja, na kwa daladala hata gari hamlihitaji.